Darasa la Saba Kijijini: Asilimia Ile Imetoka Wapi?

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) likishatoa matokeo ya darasa la saba, makundi ya WhatsApp ya vijiji huchemka. Mmoja anatuma picha ya ukurasa wa shule, mwingine anauliza "tumekuwa wa ngapi?", wa tatu anamlaumu mwalimu mkuu kabla hata hajaifungua picha yenyewe. Kwenye mkutano wa kijiji unaofuata, diwani anasimama na asilimia moja mkononi, na kwa asilimia hiyo shule inapongezwa au inasutwa. Hapa tunajibu maswali ambayo wazazi na wajumbe wa kamati za shule huuliza mara kwa mara, hasa kwenye halmashauri za vijijini zenye shule ndogondogo zilizotawanyika, kwa kuwa huko ndiko asilimia hudanganya zaidi. Maelezo ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina mfumo wake.

Mtoto anahesabiwa amefaulu akipata ngapi?

Mtihani una masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, kwa hiyo jumla ni 300. Kuanzia 241 ni daraja A, kuanzia 181 ni B, kuanzia 121 ni C, kuanzia 61 ni D, na 60 kushuka chini ni E. Wenye A, B na C ndio wanaohesabiwa wamefaulu.

Mpaka huo wa 121 una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Mtoto mwenye 121 na mwenye 120 wanalingana kwa kila hali, ila mmoja anaingia kwenye asilimia ya ufaulu na mwenzake anabaki nje. Ndiyo maana shule inaweza kutangaza ufaulu wa asilimia 90 huku karibu watoto wote wakiwa na C ya chini, na jirani yake yenye asilimia 75 ikawa na A na B za kutosha. Ukurasa wa shule kwenye tovuti ya NECTA unaonyesha wastani wa shule, pamoja na jedwali dogo linalogawa madaraja kwa wasichana, wavulana na jumla. Anza na jedwali hilo.

Jambo jingine: hadi mwaka 2020 masomo yalikuwa matano na jumla ilikuwa 250. Anayelinganisha wastani wa 2019 na wa 2023 bila kujua hilo atashangilia maendeleo ambayo hayapo.

Mwaka jana tulikuwa juu, mwaka huu tumeporomoka, na walimu ni walewale. Kumetokea nini?

Pengine hakuna kilichotokea. Tuseme shule ina watahiniwa 12. Kila mtoto hapo ana uzito wa asilimia 8 na kidogo. Wakifaulu 10, shule ina asilimia 83. Mwaka unaofuata wakifaulu 8, imeshuka hadi 67. Kwenye mkutano itaitwa anguko, na mwalimu mkuu ataandikiwa barua ya kujieleza. Lakini tofauti yote ni watoto wawili: mmoja aliyekuwa na malaria wiki ya mtihani na mwingine aliyekosa alama tatu. Shule ya mjini yenye watahiniwa 150 ikipoteza watoto wawili, asilimia yake inasogea kwa moja na nukta, wala hakuna anayetambua.

NECTA yenyewe ilikuwa inalijua hili: kwenye orodha zake za zamani shule ziligawanywa makundi mawili, zenye watahiniwa chini ya 40 na zenye 40 au zaidi, na kila kundi likapangwa peke yake. Hata hivyo ndani ya kundi dogo mchezo ni uleule. Ukichukua orodha ya halmashauri yoyote ya vijijini, nafasi za juu kabisa na za chini kabisa mara nyingi zimeshikwa na shule ndogo, na mwaka unaofuata zinabadilishana. Kumhamisha mwalimu mkuu kwa sababu ya mwaka mmoja wa watahiniwa 12 ni kubahatisha, hata kama imeandikwa kwa lugha ya kiofisi.

Dawa ni kuunganisha miaka mitatu, na kuiunganisha inavyotakiwa. Usichukue asilimia tatu ukazigawa kwa tatu. Jumlisha waliofaulu miaka yote, jumlisha waliofanya mtihani miaka yote, kisha gawanya. Kwa mfano, mwaka wa kwanza walifanya 12 wakafaulu 10, wa pili walifanya 9 wakafaulu 5, wa tatu walifanya 15 wakafaulu 12. Jumla ni 27 kati ya 36, yaani asilimia 75. Hiyo ndiyo namba ya kuingia nayo mkutanoni.

Mbona siku hizi hatutangaziwi kumi bora?

Mwanzoni mwa 2023 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Shule hazisomeshi watoto wa aina moja wala kwenye mazingira ya aina moja, na orodha ilikuwa imegeuka tangazo la biashara kwa baadhi ya shule. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Bahati mbaya tabia yenyewe haikufa. Baadhi ya halmashauri na kata hujipangia orodha zao na kugawa vinyago kwa wanaoshika mkia. Kumbuka pia kwamba wastani wa halmashauri unachanganya shule za serikali na za binafsi. Halmashauri yenye shule chache za binafsi karibu na makao makuu ya wilaya itaonekana nzuri kuliko hali ya shule zake za pembezoni.

Walioanza darasa la kwanza wote wako wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa mara chache, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote.

Januari 2016 elimumsingi bila ada ilianza, na darasa la kwanza mwaka ule likafurika: waliandikishwa karibu watoto milioni 2 nchi nzima. Watoto hao, kama wangekwenda mwaka kwa mwaka bila kukwama, wangefika darasa la saba mwaka 2022. Waliosajiliwa kufanya mtihani mwaka huo walikuwa takriban milioni 1.38. Si kwamba wote waliokosekana waliacha shule. Wapo waliokariri darasa, hasa baada ya upimaji wa darasa la nne, na wapo waliotangulia mbele ya haki. Vilevile kulikuwa na majina yasiyo na watoto: mwaka huohuo wa 2016 serikali ilihakiki shule zake ikakuta maelfu ya wanafunzi hewa. Lakini hata ukiondoa hao wote, pengo linalobaki ni la watoto halisi ambao hawamo kwenye asilimia yoyote ya ufaulu.

Ufaulu unapigwa kwa waliokaa kwenye chumba cha mtihani tu. Mwaka 2024 walisajiliwa 1,230,774 na wakafanya 1,204,899. Wale karibu elfu 26 ambao hawakutokea hawakumshushia mtu yeyote asilimia. Na aliyeacha darasa la tano hakusajiliwa kabisa, kwa hiyo hata kwenye hesabu ya wasiotokea hayumo.

Tazama shule mbili za kata moja, za kubuni lakini si za ajabu. Ya kwanza iliandikisha watoto 40 darasa la kwanza; wakafika mtihanini 18, wakafaulu 15. Ya pili nayo iliandikisha 40. Wakafika 32, wakafaulu 22. Kwenye orodha, ya kwanza ina asilimia 83 na ya pili asilimia 69, na zawadi itakwenda kwa ya kwanza. Ukihesabu kwa walioanza, ya kwanza imewafikisha sekondari watoto 15 kati ya 40 na ya pili 22. Mimi mwanangu ningempeleka ya pili bila kufikiri mara mbili.

Kamati ya shule inaweza kuifanya hesabu hii kwa mchana mmoja. Omba rejista ya uandikishaji wa darasa la kwanza ya miaka sita iliyopita na orodha ya watahiniwa wa mwaka huu, kisha pitia jina kwa jina. Kila mtoto aliyekosekana aandikiwe sababu: amehama, amekariri, amefariki, ameacha, hajulikani aliko. Kwa waliohama kuna namba ya PReM, ambayo mtoto husajiliwa nayo na kuhama nayo, kwa hiyo mwalimu mkuu anaweza kuthibitisha kama kweli amepokelewa kwingine au "amehama" ni neno la kufunika. Safu ya "hajulikani aliko" ikiwa ndefu, hapo ndipo pa kuanzia kikao.

Tahadhari moja. Kama kijiji kilikuwa na shule shikizi, ambako watoto wa madarasa ya chini husoma karibu na nyumbani kabla ya kuhamia shule mama, halafu shikizi hiyo ikasajiliwa kuwa shule kamili, idadi ya wanafunzi wa shule mama itashuka ghafla bila mtoto hata mmoja kuacha masomo. Mabadiliko hayo yametokea sehemu nyingi. Katika madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19 mwaka 2021, 3,000 yalikuwa ya vituo shikizi.

Kwa nini wasichana ni wengi zaidi darasa la saba?

Kwa sababu wavulana wengi wamekwishaondoka. Mwaka 2024 waliofaulu nchi nzima walikuwa 974,229, wasichana 525,172 na wavulana 449,057. Anayesoma namba hizo tu atasema wasichana wanafanya vizuri zaidi. Asilimia zinasema kinyume kidogo: wavulana walifaulu kwa asilimia 81.85 na wasichana kwa 80.05. Ukiziweka pamoja unaona picha yote: wasichana waliofanya mtihani walizidi wavulana kwa watu kama laki moja.

Vijijini kila mtu anajua walikokwenda. Kanda ya Ziwa wako kwenye dago za wavuvi na machimbo madogo ya dhahabu. Kwenye wilaya za wafugaji wako nyuma ya ng'ombe. Kwingine wanaendesha bodaboda za watu. Serikali na wafadhili wameweka nguvu nyingi kwa mtoto wa kike, na ilistahili. Waraka wa Novemba 2021 uliowaruhusu waliojifungua kurudi shuleni ulikuja baada ya miaka mingi ya kuwafukuza. Lakini asilimia ya wavulana nayo isomwe kwa uangalifu: wale waliobaki hadi darasa la saba wamekwishachujwa na maisha, na pengine ndiyo sababu wanaonekana wazuri kwa nukta chache.

Takwimu mbona hazisemi sisi ni kabila gani?

Kwa makusudi. Sensa ya mwisho Tanzania kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, haikuuliza, na fomu za shule haziulizi. Katika baadhi ya nchi za nje utakuta ripoti ya shule imegawanywa kwa rangi na asili ya wanafunzi. Sisi tunagawanya kwa jinsi, umri na ulemavu. Sababu zake za kisiasa zinajulikana, na binafsi sioni haja ya kuzibadili.

Hata hivyo, kutouliza hakuondoi ukweli kwamba mtoto wa Yaeda Chini, Mbulu, ambaye nyumbani wanaongea Kihadzabe, anaanza darasa la kwanza na kazi mbili: kujifunza kusoma, na kujifunza lugha ya kusomea. Wahadzabe wote hawazidi sana elfu moja, kwa hiyo matokeo yao yanazama ndani ya wastani wa wilaya na hayaonekani hata kama yote ni E. Mtoto wa Kimasai wa Longido au wa Kidatoga wa Hanang yuko kwenye hali ya kufanana. Kiswahili ni somo lenye alama 50, lakini pia ndicho kinachotumika kuandika maswali ya Hisabati, Sayansi na mengineyo, isipokuwa Kiingereza. Asiyekimudu anaadhibiwa karibu mtihani mzima.

Kisha kuna kuhama. Ukame wa mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 uliua maelfu ya mifugo Simanjiro na Longido. Mfugaji akihamisha boma kufuata malisho, mtoto hahami kwa barua ya uhamisho. Anaondoka alfajiri pamoja na ndama. Daftari la mahudhurio linaonyesha utoro, na ripoti inaandika "mwamko mdogo wa wazazi". Sentensi hiyo nimekwishaisoma kwenye ripoti nyingi mno. Ni rahisi kuiandika kuliko kuomba bweni. Anayetaka kujua kama ni mwamko au ni malisho aweke mahudhurio ya kila mwezi pembeni ya majira ya mvua. Utoro wa Septemba ukiwa mara tatu ya ule wa Aprili, shida si mwamko.

Tumeambiwa uwiano wa walimu uko vizuri. Mbona madarasa yako wazi?

Kiwango cha shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Shule yenye wanafunzi 180 ikipewa walimu wanne, taarifa inasomeka 1:45, safi kabisa. Lakini shule hiyo ina darasa la awali na darasa la kwanza hadi la saba, yaani vyumba vinane vinavyosubiri mwalimu saa mbili asubuhi. Mmoja wa wanne ni mwalimu mkuu, ambaye leo ameitwa wilayani kupeleka takwimu. Mwingine yuko likizo ya uzazi. Wawili wanabaki na madarasa manane. Darasa la tatu na la nne wanaunganishwa chumba kimoja, ubao umegawanywa kwa mstari wa chaki katikati, la saba wanaachiwa kitabu, na awali wanacheza nje hadi saa nne.

Uwiano ni kipimo kizuri kwa shule kubwa. Kwa shule ndogo, uliza swali jingine: leo hii, saa tatu asubuhi, ni madarasa mangapi yana mwalimu? Uliza pia kama yupo wa Hisabati, na kama yupo mwalimu wa kike hata mmoja. Uwiano wa halmashauri nao unaficha mambo, kwa sababu walimu hujazana kwenye shule za kando ya barabara kuu. Anayehama kufuata mwenza haombi kwenda kijiji kisicho na nyumba ya mwalimu wala umeme.

Fedha za ruzuku zinatosha?

Fanya hesabu mwenyewe. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 ni za vitabu na hushughulikiwa kitaifa. 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule. Shule ya wanafunzi 120 inapata shilingi 720,000 kwa mwaka, sawa na 60,000 kwa mwezi, kwa ajili ya chaki, ukarabati, karatasi za mitihani, na nauli ya kufuata chochote wilayani. Shule ya wanafunzi 1,200 inapata mara kumi, lakini ofisi ya mwalimu mkuu haiwi mara kumi, wala paa halivuji mara kumi. Mgawo wa kichwa kwa kichwa unaiumiza shule ndogo kimyakimya. Wanaojaza pengo ni wazazi, kwa mahindi na maharage ya uji na makande, na ambako mchango huo umesimama vizuri mahudhurio ya mchana hubadilika waziwazi. Kiasi kilichopokelewa kinapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Kisipokuwepo, mjumbe wa kamati ana haki ya kukiuliza.

Mtoto amefaulu. Je, anajua kusoma?

Kwa kawaida ndiyo, lakini mtihani wa kuchagua jibu kwa sehemu kubwa hauwezi kukuhakikishia. Tathmini za mpango uitwao Uwezo, ambazo tangu 2010 zimepita nyumba kwa nyumba, zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Uzuri wa kupita nyumbani ni kwamba wanapimwa pia waliokwishaacha shule. Mzazi anaweza kufanya vivyo hivyo jioni: mpe mtoto wa darasa la tatu aya moja ya kitabu asichokikariri, asome kwa sauti, kisha akueleze kilichosemwa. Ukisubiri darasa la saba kugundua tatizo, umechelewa kwa miaka minne.

Nani anaulizwa nini?

Rejista, mahudhurio na ruzuku ni kwa mwalimu mkuu kupitia kamati ya shule. Ulinganisho wa shule za kata uko kwa Afisa Elimu Kata. Upangaji wa walimu uko halmashauri, kwa Afisa Elimu Awali na Msingi, na diwani ndiye mwenye nafasi ya kumhoji kwenye vikao. Ripoti ya mthibiti ubora wa shule ni bora kuliko matokeo yote, kwa sababu ameingia darasani. Muulize mwalimu mkuu ya mwisho ilisema nini.

Mwaka 2027 kutakuwa na nini?

Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, na waliokuwa la nne watamaliza la saba mwaka huohuo. Makundi mawili yatatoka shule ya msingi kwa pamoja, na Januari 2028 yatagonga mlango mmoja wa kidato cha kwanza kwenye shule ya kata ileile. Namba za mwaka huo hazitalinganishika na za mwaka wowote uliotangulia: idadi ya wahitimu itaruka, umri wao utachanganyika, na madarasa mawili yatakuwa yamesoma mitaala tofauti. Kamati yenye rejista mkononi inaweza kujua tangu sasa kijiji chake kitatoa watoto wangapi mwaka huo, na kumuuliza diwani shule ya sekondari ya kata ina viti vingapi.